Kuzoesha injini iliyotoka ovaholi: kuanzia stata ya kwanza hadi kilomita 3,000

Injini nyingi zinazorudi kwa fundi zikila oili wiki chache baada ya ovaholi hazikuendeshwa kwa fujo. Zilibembelezwa. Mwenye gari aliwasha, akaiacha ingurume palepale saa nzima huku akiisikiliza kwa raha, kisha akatembea nayo polepole mwezi mzima kwa kuogopa kuiumiza. Ringi za pistoni hazikupata nafasi ya kukaa, yaani kulingana na ukuta wa silinda, na ringi zisipokaa katika kilomita mia moja au mia mbili za mwanzo, mara nyingi hazikai tena.

Kinachofanyika ndani ni hiki. Silinda iliyohoniwa, yaani iliyokwaruzwa ndani kwa mawe ya kusagia, hubaki na michirizi iliyokatana, na michirizi hiyo ukiitazama kwa kioo cha kukuzia ni vilima na mabonde. Mabonde yanahifadhi oili. Vilima vinafanya kazi ya tupa: vinasaga uso wa ringi mpya, na ringi nayo inavisaga, mpaka pande mbili zilingane na gesi isipate pa kupenya. Lakini ili tupa ikate ni lazima ikandamizwe. Mkunjuko wa ringi yenyewe kama springi hautoshi. Nguvu kubwa inatoka kwenye gesi ya mlipuko, ambayo inaingia nyuma ya ringi kwenye mfereji wake na kuisukuma ukutani. Injini isiyo na mzigo ina gesi hafifu, kwa hiyo ringi inaelea juu ya oili bila kusaga chochote. Oili hiyo inaungua, inakuwa utando mgumu unaong'aa, na utando unajaza mabonde. Silinda ikishang'aa hivyo hakuna dawa ya chupa inayoirudisha. Ni kupangua, kuhoni upya na kuweka ringi nyingine.

Mzigo, basi, ndio dawa. Mzigo si resi. Kupiga resi gari likiwa limeegeshwa hakuleti mzigo wowote, kunaleta joto na makelele tu.

Muulize aliyefunga injini

Mambo manne yanabadilisha namna ya kuizoesha, na aliyeifunga anayajua.

La kwanza ni aina ya ringi. Za chuma cha kutupwa na zile zenye uso wa molibdenamu hukaa haraka, aghalabu ndani ya safari ya kwanza au ya pili. Za kromu ni ngumu na zinachelewa, hivyo usishtuke zikiendelea kula oili kidogo kwa kilomita mia kadhaa.

La pili ni kamshafti, shafti yenye nundu zinazosukuma tapeti ili valvu zifunguke. Ikiwa ni ya mtindo wa zamani, yenye tapeti bapa zinazoteleza moja kwa moja juu ya nundu za kamshafti ndani ya bloku, dakika 20 hadi 30 za mwanzo zina masharti yake makali. Tapeti za rola hazina masharti hayo.

La tatu ni gasketi ya hedi na bolti zake. Gasketi za kizamani za mchanganyiko wa nyuzi nyingi zinataka bolti zikazwe tena baada ya injini kupata moto na kupoa. Gasketi za chuma za tabaka kadhaa hazitaki. Bolti zinazokazwa kwa digrii, zile zinazovutika na kutupwa baada ya kutumika mara moja, usiziguse kabisa zikishafungwa.

La nne ni kama pampu ya oili inazungushwa na distribyuta (kigawa moto wa plagi) au na krenkishafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni). Utalihitaji kwenye hatua ya kupandisha oili.

Ongeza swali la tano ukiweza: silinda ziliogeshwa kwa kitu gani baada ya kuhoni? Jibu zuri ni maji ya moto na sabuni, kwa brashi, mpaka kitambaa cheupe kikipanguswa ukutani kitoke cheupe. Petroli na mafuta ya taa yanaondoa oili lakini yanaacha unga wa mawe ya honi ndani ya michirizi, na unga huo unamaliza ringi na beringi kwa pamoja. Kama jibu halikuridhishi, ni heri uchelewe siku moja.

Oili ya kuanzia

Weka oili ya madini ya kawaida, si sinthetiki. Oili ya sinthetiki inateleza vizuri mno kwa kazi hii, na ringi zinazotakiwa kusagana zinakaa zikiteleza. Ni kweli magari mengi mapya yanatoka kiwandani na sinthetiki, ila kule silinda zinamaliziwa kwa mashine zinazokata vilima mapema. Silinda ya karakana ya kawaida haiko hivyo.

Uzito wa oili ufuate kitabu cha gari. Kwa injini nyingi za petroli 10W-30 au 15W-40 ya madini inafaa. Usiweke kiongezi chochote cha kupunguza msuguano. Msuguano ndio unaoutafuta.

Injini yenye tapeti bapa inataka pia zinki na fosforasi ya kutosha, yaani kile kiungo cha kuzuia kuchubuka kinachojulikana kwa ufupisho wa ZDDP. Oili za petroli za daraja la API SM na SN katika uzito mwepesi kama 5W-30 na 10W-30 zimewekewa ukomo wa fosforasi wa asilimia 0.08 ili kulinda kisafisha moshi cha ekzosi (katalisti), na kiasi hicho ni kidogo kwa kamshafti mpya ya aina hii. Tafuta oili iliyotengenezwa mahsusi kwa kuzoeshea injini. Ukiikosa, chukua 15W-40 ya dizeli ya daraja la CI-4, ambayo haina ukomo huo, kisha ongeza kiongezi cha zinki kwa kipimo cha kwenye chupa. Usizidishe kipimo, kwa sababu zinki ikipita kiasi inaanza kula chuma badala ya kukilinda.

Nunua oili ya kutosha kumwaga mara tatu, na filta tatu. Kazi hii yote ikiishia na filta moja, haikufanyika.

Kabla ya kugusa stata

Lengo la hatua hii ni moja: injini iwake kwenye mzunguko wa kwanza au wa pili. Kila sekunde unayoizungusha kwa stata bila kuwaka inafuta grisi ya kufungia iliyopakwa kwenye nundu za kamshafti, na petroli isiyoungua inaosha kuta za silinda.

Kwa hiyo betri iwe imejaa chaji. Petroli iwe mbichi, si ile iliyolala kwenye tangi tangu injini iliposhushwa. Kabureta, kama ipo, ijazwe bakuli lake kwa mkono kupitia tundu la kupumulia. Taimingi iwekwe kwa alama, silinda ya kwanza ikiwa juu kwenye mpigo wa kubana na si wa kutoa moshi. Kosa hilo la mzunguko mmoja ndilo linalofanya watu wazungushe stata nusu saa wakitafuta moto. Zungusha injini kwa spana, mizunguko miwili kamili ya krenkishafti, uhakikishe hakuna valvu inayogonga pistoni. Ikikwama usilazimishe.

Maji: jaza rejeta na bloku ukiwa umefungua hita ya ndani kwenye moto wa mwisho, ili maji yazunguke mpaka kwenye koili yake. Gari likiwa na skrubu ya kutolea hewa, ifungue mpaka maji yatoke bila mapovu. Thamostati yenye tundu dogo la kupumulia hufungwa tundu likiwa juu. Mfuko wa hewa ndani ya hedi ni hatari kuliko rejeta iliyopungua, kwa sababu kipimo cha joto kikiwa kwenye hewa kinasoma chini huku chuma kikiiva.

Baadhi ya mafundi huanza na maji matupu kwa nusu saa ya kwanza badala ya kulanti, yaani maji ya rejeta yenye glaikoli. Wana sababu: gasketi ikivujisha kulanti ndani ya oili, glaikoli inaharibu uso wa beringi haraka sana, wakati maji unaweza kuyamwaga na kubadili oili bila hasara kubwa. Ukifuata njia hiyo, weka kulanti siku hiyohiyo, kwa mchanganyiko wa nusu kwa nusu.

Sasa pandisha oili. Jaza filta kwa oili kabla ya kuifunga ikiwa inasimama mdomo juu. Ikilala, weka kiasi kinachokaa. Ikiwa pampu inaendeshwa na distribyuta, toa distribyuta, ingiza kijiti cha kuzungushia pampu na ukizungushe kwa drili ya umeme kwa kasi ndogo, upande uleule ambao distribyuta huzungukia. Mwanzo drili inakwenda kirahisi. Kisha ghafla unaisikia imekuwa nzito mkononi, na sindano ya geji ya oili inainuka. Endelea, huku msaidizi akigeuza krenkishafti robo mzunguko kila baada ya nusu dakika, kwa sababu njia za oili kwenda kwenye tapeti hufunguka kwa zamu. Kava ya tapeti ikiwa wazi utaona oili ikichungulia kwenye tundu la kila roka (mkono unaokandamiza valvu), tone kwanza, halafu mchirizi. Usifunge kava mpaka uione kwenye roka zote.

Ikiwa pampu inakaa mbele ya krenkishafti, drili haina kazi. Pampu ya aina hii ikikauka hushindwa kuvuta, ndiyo maana aliyefunga alitakiwa kuijaza oili nzito au mafuta ya mgando kabla ya kuifunika. Toa plagi zote ili kusiwe na mgandamizo unaoelemea beringi kavu, chomoa umeme wa nozeli na wa koili ya moto wa plagi, kisha piga stata kwa sekunde 10, pumzika dakika moja, rudia. Presha inatakiwa ionekane ndani ya majaribio machache. Baada ya majaribio sita bila presha, acha na utafute sababu: oringi (pete ya mpira) iliyosahauliwa kwenye bomba la kuvutia, oili iliyopungua, au pampu iliyokauka.

Kwenye injini ya tabo, fungua bomba linaloingiza oili kwenye tabo, mimina oili ndani kwa sindano au chupa ndogo, zungusha tabo kwa kidole, funga tena.

Kabla ya ufunguo: kizimamoto kiwe karibu, gari liwe mahali penye hewa, na mtu wa pili asimame akitazama chini ya gari. Moshi wa ekzosi ndani ya karakana iliyofungwa una kaboni monoksidi, gesi inayoua bila kunusika.

Dakika 30 za kwanza

Washa. Presha ya oili iwepo mara moja, kwa vile umeshaipandisha. Sekunde tano zikipita taa ya oili bado inawaka, zima. Usiseme ngoja tuone.

*Injini yenye tapeti bapa.* Ipandishe papo hapo hadi mizunguko 2,000 kwa dakika, usiiache kwenye sailensi (mngurumo wa chini bila kukanyaga mafuta) hata kidogo. Nundu za kamshafti ndani ya bloku hazina bomba lao la oili. Zinaloweshwa na matone yanayorushwa na krenkishafti, na krenkishafti ikizunguka polepole hairushi kitu. Pandisha na kushusha kati ya 2,000 na 2,500 kila baada ya dakika moja au mbili, kwa jumla ya dakika 20 hadi 30.

Tazama pushrodi (fito zinazopeleka msukumo wa tapeti kwenye roka) ukiweza, kupitia tundu la kujazia oili au kwa kufungua kava muda mfupi. Zinatakiwa zizunguke polepole kama kijiti kinachopekechwa. Uso wa tapeti umetuna kidogo sana na nundu imelala kidogo upande, makusudi, ili tapeti izunguke na isiguse mahali pamoja. Pushrodi isiyozunguka inakuambia kwamba tapeti yake imekwama na nundu inalika sasa hivi. Zima na uiondoe kabla ya vumbi la chuma kusambaa injini nzima. Kama injini ina springi mbili kwa kila valvu, ya ndani huondolewa kwa kazi hii na kurudishwa baadaye, kwa sababu mbano wa springi mbili ni mkubwa mno kwa nundu ambayo haijakomaa.

Tatizo lolote likitokea katika dakika hizi, maji kuvuja au taimingi kupotea, usiishushe injini kwenye sailensi ili ulishughulikie. Zima kabisa, rekebisha, washa tena, na uendelee kuhesabu ulipoachia.

*Injini yenye rola, au yenye kamshafti juu ya hedi.* Nyingi za kamshafti za juu hupata oili ya presha moja kwa moja, hivyo hakuna haja ya nusu saa ya makelele. Ishike kati ya 1,500 na 2,000 mpaka ipate joto la kazi, thamostati ifunguke na feni iwake yenyewe angalau mara moja. Kagua uvujaji, hakiki taimingi, halafu itoe barabarani. Kuikalisha zaidi ya hapo ni kuzipotezea ringi muda wao.

Katika dakika hizo macho yako yawe kwenye vitu vitatu. Geji ya joto kwanza: injini mpya ina msuguano mwingi na hupata moto kuliko kawaida, lakini ikipita alama ya kawaida na kuendelea kupanda, zima na uache ipoe yenyewe. Usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto. Presha ya oili: kipimo cha zamani cha mafundi ni kama psi 10 kwa kila mizunguko 1,000, oili ikiwa imepata moto. Na manifoldi ya ekzosi: ikianza kuwa nyekundu, taimingi imechelewa au mchanganyiko una petroli kidogo, na ukiendelea unaunguza valvu ambazo umetoka kuzilipia.

Tapeti za haidroliki zinaweza kugonga dakika kadhaa mpaka zijae oili. Mlio wake ni mwepesi, kama kalamu juu ya meza. Mlio mzito unaotoka chini na kuongezeka ukikanyaga mafuta ni beringi. Huo hausubiriwi uishe. Moshi wa buluu mwanzoni ni oili ya kufungia inayoungua kwenye silinda na manifoldi, na unapungua kadiri dakika zinavyokwenda. Moshi mweupe mwembamba ni unyevu wa ekzosi. Mweupe mzito usiokoma, huku maji yakipungua, ni gasketi ya hedi.

Zima. Mwaga oili ingali ya moto na ubadili filta. Hii ndiyo oili chafu kuliko zote, ina grisi ya kufungia, vumbi la ringi na chochote kilichobaki kwenye mifereji ya bloku. Anayesema ni uharibifu kuimwaga baada ya nusu saa hajawahi kuitazama kwenye beseni.

Kilomita 30 zinazoamua

Tafuta barabara tulivu, iliyonyooka, isiyo na foleni. Ipashe injini moto kwa kutembea taratibu kilomita tano hadi kumi, mpaka geji ikae mahali pake. Ringi hazikalishwi injini ikiwa baridi.

Kisha, kwenye gia ya tatu, anza kwa kama kilomita 50 kwa saa na mizunguko isiyopungua 2,000. Kanyaga mafuta nusu ya pedeli, kwa uimara lakini bila kushtua, mpaka ufike kilomita 80 hivi kwa saa. Achia pedeli yote, ukiiacha gia imeingia, gari lirudi lenyewe hadi 50. Rudia. Baada ya mara tano, ongeza hadi robo tatu ya pedeli na ufanye mara tano nyingine. Kasi kamili itategemea gia za gari lako na sheria ya barabara. Kinachotakiwa ni mzigo kati ya mizunguko 2,000 na 4,000.

Kuachia pedeli gia ikiwa ndani ni nusu ya kazi, na ndiyo nusu inayorukwa. Ukikanyaga, gesi inazibana ringi ukutani na kuzisaga. Ukiachia, silinda inavuta ombwe kali, ombwe linapandisha oili mbichi ukutani, oili inapoza na kuosha unga uliosagika. Ukiweka nyutro unakosa hiyo. Kwa gia otomatiki, chagua gia ya chini kwa mkono, 3 au 2, ili injini ifunge gari linaporudi.

Usibane gari kwenye gia kubwa mizunguko ikiwa 1,200 na pedeli imezama. Huo ni mzigo kweli, lakini unaipiga beringi ya konrodi (mkono wa pistoni) kabla oili haijapata kasi ya kuibeba.

Dizeli inataka mzigo zaidi ya petroli. Haina ombwe la kusaidia na silinda zake hung'aa haraka zikiendeshwa kwa uvivu, kwa hiyo kilima kirefu cha wastani kwenye gia ya tatu ni rafiki yake. Ya tabo, kaa chini ya nusu ya pedeli safari hii ya kwanza, na ukifika iache ingurume dakika mbili kabla ya kuzima ili tabo ipoe na oili ndani yake isiungue.

Rudi, egesha, acha ipoe kabisa. Injini ikiwa baridi, kagua viungio vyote vya maji na oili, bolti za manifoldi, na usawa wa oili kwenye kijiti. Kama gasketi ya hedi ni ya kukazwa tena, ndio wakati wake: kuanzia bolti za katikati kwenda nje, moja moja, legeza robo mzunguko kisha kaza kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukazia) hadi kipimo cha kitabu. Ukishakaza hedi, uwazi wa valvu umebadilika, nao upimwe upya kwenye injini yenye tapeti za skrubu.

Mpaka kilomita 800

Tembelea gari kama kawaida, kwa masharti machache. Mizunguko isizidi theluthi mbili ya mstari mwekundu wa geji ya mizunguko. Usikae kwenye kasi moja muda mrefu. Safari ndefu ya barabara kuu, ukilazimika, ivunje kwa kupunguza na kuongeza kila dakika chache. Usivute tela. Usiliache likiunguruma kwenye foleni nusu saa kama unaweza kulizima. Mizigo mifupi ya nguvu, kama kupanda kilima au kulipita gari lingine, inaruhusiwa, na inasaidia.

Kijiti cha oili kipimwe kila asubuhi. Kupungua nusu lita katika kilomita 800 hizi si ajabu. Pima na maji pia.

Ikifika 800, mwaga oili na ubadili filta mara ya pili, tena kwa oili ya madini. Filta uliyoitoa usiitupe. Ikate bati lake kwa kikata bomba au mkasi wa bati (msumeno unamwaga vumbi lake mwenyewe ndani na kukudanganya), toa karatasi, ikamue kati ya mbao mbili kwenye jiliwa, kisha ikunjue juani. Ukungu wa kijivu unaong'aa kwenye mikunjo ni kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si kawaida. Pitisha sumaku: vinavyoruka kuifuata ni chuma, kutoka kwenye kamshafti, tapeti au ringi. Vya rangi ya shaba visivyofuata sumaku ni beringi ambazo tabaka la juu limeshakwisha. Vyeupe vyepesi visivyofuata sumaku vinaweza kuwa pistoni au beringi za alumini. Shaba ukiiona, toa sampu (beseni la oili chini ya injini) na ukague beringi kabla ya kutembea tena. Beringi inabadilishwa ikiwahiwa. Krenkishafti iliyonoki inachongwa upya, au inatafutwa nyingine.

Kupima kama ringi zimekaa

Kati ya kilomita 800 na 1,500 pima mgandamizo. Injini iwe ya moto, plagi zote nje, umeme wa nozeli umechomolewa, pedeli ya mafuta imekanyagwa mpaka mwisho, betri nzima. Piga stata mipigo mitano kwa kila silinda, uandike namba. Silinda ya chini isipungue zaidi ya asilimia 10 hadi 15 ya ile ya juu. Ikipungua, mimina kijiko cha chai cha oili kwenye tundu la plagi na upime tena. Namba ikipanda sana, ringi za silinda hiyo hazijakaa. Isipopanda, angalia valvu au gasketi.

Kipimo cha haraka zaidi: fungua mfuniko wa kujazia oili injini ikinguruma. Pumzi hafifu ni sawa. Moshi unaotoka kwa mapigo, unaokuinua kiganja, ni gesi inayopenya ringi. Kabla ya kulaumu ringi hakikisha valvu ya kupumulia ya injini haijaziba, maana ikiziba inasukuma oili kwenye sili na kuleta dalili zilezile.

Ringi zikionekana zimechelewa na bado hujafika kilomita 1,500, rudia yale mazoezi ya gia ya tatu siku mbili au tatu mfululizo, injini ikiwa ya moto kweli. Za kromu hasa huitika. Zikipita kilomita 3,000 na injini bado inakula lita moja kwa kila kilomita 1,000, zimeshang'aa.

Oili ya tatu imwagwe kilomita 3,000. Baada ya hapo unaweza kuhamia sinthetiki na kufuata ratiba ya kitabu. Ile karatasi ya namba za mgandamizo ihifadhi kwenye gari, pamoja na tarehe na kilomita, kwa sababu miaka mitatu baadaye fundi akikuambia silinda ya tatu imeshuka utakuwa na kitu cha kulinganisha nacho.